Filta za intaneti kwa kompyuta za maktaba: nimetumia aina nne, hii ndo niliyobaki nayo

Nimekaa meza ya kompyuta za maktaba ya umma muda wa kutosha kuona filta zikiwekwa, zikitolewa, zikirudishwa tena, na kila mara anayechagua anauliza swali lilelile, je inazuia vizuri? Mimi kwa niliyoyaona nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ikizuia kitu ambacho haikutakiwa kuzuia, inachukua muda gani kukifungua, na yule aliyezuiwa anaaibika kiasi gani mpaka afunguliwe. Hicho ndo kipimo changu humu mwanzo mwisho, kwahiyo kama unatafuta ipi inazuia picha chafu nyingi zaidi utapata jibu lakini nyota sitoi kwa hilo peke yake.

Tuelewane kwanza, sisemi filta zitolewe. Tuliwahi kukaa bila filta kabisa na nilikuwa mmoja wa waliotetea hiyo, nikasema watu wazima wana akili zao. Halafu kuna mtu akawa anakuja kila siku, anachukua kompyuta ya kwanza pale njiani, njia hiyohiyo watoto wanapita kwenda kwenye hadithi, na kilichokuwa kwenye skrini yake sitakiandika hapa. Ukimwambia anafunga, ukigeuka anafungua. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi ilifika mahali anaogopa hata kwenda kuwasha printa iliyokuwa nyuma ya kile kiti. Hili si dogo na wala si letu peke yetu, kule Marekani wakutubi 12 wa maktaba ya umma ya Minneapolis walilalamika serikalini kwamba kulazimishwa kufanya kazi katikati ya picha za namna hiyo ni unyanyasaji kazini, mwaka 2001 tume ya usawa kazini ikaona malalamiko yao yana msingi, na 2003 maktaba ikakubali kuwalipa dola 435,000. Kwahiyo ukisikia mtu anasema bila filta ni uhuru mwulize uhuru wa nani, maana yule dada wa printa naye ni mtu. Bila filta nyota 1, na hiyo moja ni kwa sababu angalau kwa kipindi chote kile hamna aliyenyimwa ukurasa aliokuwa anauhitaji.

Sasa nije kwenye ile iliyoniumiza. Baada ya vurugu zile tukaletewa programu ya kulipia, siitaji jina, ile inayosoma maneno kwenye ukurasa na kwenye anwani ya tovuti, ikikuta neno baya inafunga. Muuzaji alikuja akaonyesha kwa kuandika neno moja chafu la Kiingereza, ikafunga papo hapo, kila mtu akafurahi. Hamna aliyemwambia aandike Kiswahili.

Jamani Kiswahili. Ile orodha ya maneno ilikuwa ya Kiingereza na ilikuwa inatafuta herufi zikifuatana popote zilipo, hata katikati ya neno. Sasa chukua "analipa". Chukua "analima", "analea", "analala", "analia". Herufi nne za mwanzo za hayo yote ni neno la Kiingereza ambalo kwenye orodha yoyote ya maneno machafu liko ukurasa wa kwanza. Yaani karibu kitenzi chochote cha Kiswahili kinachoanza na L ukikiweka kwenye wakati uliopo na nafsi ya tatu, kimekwisha. Kanali wa jeshi naye humo humo. "Manusura" ndani yake mna neno jingine la hivyohivyo, na "kanusha" pia, kwahiyo habari ya ajali iliyotaja manusura haifunguki, habari ya msemaji aliyekanusha haifunguki. Ufagio una tusi ndani yake. Hassan na Kassim wana tusi ndani yao, mtu na jina lake alilopewa na wazazi wake! Na mbaya kuliko zote kwa maoni yangu ni "mashitaka", maana hapo katikati kuna tusi la Kiingereza kamili kabisa, na mtu anayetafuta mashitaka mara nyingi ni mtu mwenye shida, ana kesi, au ndugu yake kakamatwa, hana hela ya wakili, amekuja maktaba kwasababu ndo mahali pa bure palipobaki.

Tatizo hili si jipya hata kidogo. Mwaka 1996 kampuni ya AOL ilikataa wakazi wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza wasifungue akaunti kwasababu jina la mji wao lina herufi nne za tusi katikati, na watu wa kompyuta mpaka leo wanaliita tatizo la Scunthorpe. Miaka yote hiyo imepita na bado kuna mtu anauza kitu kinachofanya kosa lilelile, tena kwenye lugha ambayo hajaijaribu hata siku moja. Na wakati huohuo ukiandika kwa Kiswahili cha mtaani kitu kichafu kweli, ilikuwa inapita bila hata kukohoa. Ilimzuia Hassan ikaruhusu uchafu.

Lakini hata hayo ningeyavumilia kama kufungua kungekuwa rahisi. Ukurasa ukizuiwa skrini nzima inageuka nyekundu, katikati limeandikwa kwa herufi kubwa PONOGRAFIA, haijalishi ulikuwa unasoma nini. Siku moja dada mmoja alikuwa anasoma mambo ya uzazi wa mpango, ukurasa wa afya wa kawaida kabisa, nyuma yake kuna vijana kama wanne kwenye foleni wanasubiri zamu, skrini ikawaka nyekundu. Wale vijana wakacheka. Akaja mezani akaniambia kwa sauti ya chini, "Samahani kaka, kuna kitu imekataa." Nikamwambia ngoja dada nikufungulie, na hapo ndo nikakumbuka utaratibu wenyewe: nijaze fomu, niandike tovuti gani na sababu ya mtumiaji kuihitaji, niitume kwa sapoti ya kampuni, wajibu ndani ya siku 2 za kazi. Nikamwuliza sababu, maana fomu inataka. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi kaka, nimeshapata." Alikuwa hajapata. Alichukua mkoba wake akaondoka na mimi nimebaki na ile fomu tupu na mpaka leo najilaumu kwa kuuliza.

Kuna na hili la cheti ambalo wengi hawaambiwi. Siku hizi karibu kila tovuti inatumia HTTPS, maana yake mawasiliano kati ya brauza na tovuti yamefungwa kwa kufuli, aliyeko katikati anaona jina la tovuti tu, kilichomo ndani hakioni. Sasa filta inayotaka kusoma maneno ya ukurasa itayasomaje? Inaweka cheti chake ndani ya kompyuta, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho brauza inakiamini, inajifanya yenyewe ndo tovuti, inafungua kila kitu, inasoma, halafu inafunga upya na kukuletea. Kama haijapangwa kuruka benki na barua pepe basi hata paswedi zinapita mikononi mwake zikiwa wazi. Watu wanakuja maktaba kuangalia salio, kujaza maombi ya kazi, kusoma majibu ya hospitali. Nilipoelewa hili nilienda kwa mkuu wangu nikamwambia bosi hii kitu itoke, na ilitoka, ila mkataba ulikuwa umeshalipwa mpaka mwisho wa mwaka. Hii aina haina nyota kwangu. Sifuri.

Watu wanapenda kusema filta kali inatakiwa na sheria, wanatolea mfano Marekani na sheria yao inayoitwa CIPA ya mwaka 2000. Nimeifuatilia, na haisemi wanavyodhani. Kwanza inabana maktaba zinazotaka punguzo la gharama za intaneti au ruzuku fulani za serikali kuu, si kila maktaba. Pili, inachotaka kizuiwe ni picha, tena za aina tatu: picha za uchafu uliokatazwa kisheria, picha za ngono za watoto, na kwa watumiaji walio chini ya miaka 17, picha zenye madhara kwao. Maandishi hayamo. Makala ya uzazi wa mpango haimo. Tatu, mtu mzima anaweza kuomba filta izimwe kwa utafiti au kwa jambo lolote halali. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu yao 2003 sheria ilipita kwa majaji 6 dhidi ya 3, na mmoja wa hao 6, Jaji Kennedy, hoja yake ilikuwa hiyohiyo ninayoisema mimi, kwamba kama mkutubi anafungua kwa mtu mzima anapoombwa bila kumchelewesha basi hakuna cha kulalamikia sana. Sasa toa hiyo "bila kumchelewesha" uone kinachobaki. Kinachobaki ni fomu yangu ya siku 2.

Baada ya hapo tukahamia filta za DNS, na hapa ndo mambo yalianza kukaa sawa. Kwa asiyejua, DNS ni kama kitabu cha simu cha intaneti, brauza inauliza tovuti fulani namba yake ngapi, kitabu kinajibu. Filta ya DNS ni kitabu ambacho namba za tovuti za ngono hakikupi. Hakisomi ukurasa wako, hakigusi kufuli ya HTTPS, hakijali umeandika Kiswahili au Kichina, kinaangalia jina la tovuti tu, kwahiyo Hassan anapita na mashitaka yanapita. Na zipo za bure, unabadilisha namba mbili kwenye ruta au kwenye kompyuta umemaliza, hamna cha kuinstoli. OpenDNS wana FamilyShield tangu 2010, namba zake 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Cloudflare walileta ya kwao Aprili 2020, 1.1.1.3 na 1.0.0.3. CleanBrowsing nao wana ya familia, 185.228.168.168 na 185.228.169.168, hii ndo kali kuliko wenzake maana inalazimisha Google, Bing na YouTube zikae kwenye hali salama, ile inayoficha mambo ya ngono, na inafunga hata tovuti zenye mchanganyiko wa mambo ya kawaida na ya watu wazima kama Reddit.

Tulianza na hizi za moja kwa moja, yaani zisizo na akaunti, na kwa wiki za mwanzo nilikuwa naziimba kila mahali. Lakini kipimo changu mnakijua. Hizi za moja kwa moja huwezi kuzifungulia tovuti moja, ni kitabu cha watu wote duniani, wewe wa maktaba huna kalamu ya kuandika humo. Na zinakosea, hata wakubwa wanakosea: Cloudflare siku walipozindua ile 1.1.1.3 ilikuwa inafunga na tovuti za habari na msaada za watu wa LGBTQ (wa mapenzi ya jinsia moja, waliobadili jinsia na wengine wa kundi hilo) ambazo hazina ngono yoyote, wakaomba radhi hadharani na kurekebisha siku hizohizo. Nawasifu kwa kusema wazi, ila fikiria aliyekuwa anatafuta msaada siku ile akiwa maktaba na mkutubi hana la kumfanyia.

Kitu kingine, ile ya Cloudflare ikizuia haileti ukurasa wowote, inajibu 0.0.0.0 na brauza inasema tu tovuti haipatikani. Kwa upande wa aibu hii ni nzuri mno, hamna skrini nyekundu, hamna wa kucheka. Kwa upande mwingine mtu anadhani intaneti imekatika au tovuti imekufa, anaondoka bila kujua kwamba angeomba angefunguliwa. Sijui nisemeje, nimeipenda na imenisumbua kwa wakati mmoja. Nyota 3.

Na msitegemee DNS izuie picha ndani ya tovuti kubwa, haiwezi. Inafunga tovuti nzima au inaacha nzima. Mtandao wa X kwa mfano unaruhusu rasmi picha za watu wazima, sasa ukiufunga umewafungia watu habari zao, ukiuacha umeacha na hayo mengine. Hapo filta imefika mwisho wake na inabaki kazi ya mpangilio wa chumba, nitaisema.

Tuliyobaki nayo sasa ni OpenDNS ile ya akaunti, siyo FamilyShield. Akaunti ya nyumbani ni bure, unatumia namba 208.67.222.222 na 208.67.220.220, unachagua mwenyewe makundi ya kufunga (sisi tumefunga ya ngono na ya tovuti za utapeli tu, kamari tulibishana sana tukaiacha), na muhimu kuliko vyote kuna orodha yako ya tovuti za kutozuia kamwe. Hiyo ndo kalamu niliyokuwa naitafuta. Ukurasa wake wa kuzuia unaweza kuuandikia ujumbe wako mwenyewe, wetu unasema: "Tovuti hii haijafunguka. Huenda ni kosa letu. Njoo mezani au andika jina la tovuti kwenye kikaratasi, hatuulizi sababu." Vikaratasi viko pembeni ya kila kibodi pamoja na penseli. Mtu anaandika, anakuja anakiweka mezani, hasemi neno, anarudi kwenye kiti. Ukiongeza tovuti kwenye orodha inachukua dakika chache, wakati mwingine lazima ufute kumbukumbu ya DNS kwenye ile kompyuta kwa amri ya ipconfig /flushdns ndo ifunguke.

Dakika chache bado ni nyingi mtu akiwa na nusu saa tu ya zamu, kwahiyo tukaongeza na Deep Freeze. Hii ni programu inayogandisha kompyuta, ikizimwa na kuwashwa kila kilichobadilishwa kinapotea na inarudi ilivyokuwa, mafaili yaliyopakuliwa, historia, paswedi zilizosahaulika, vyote. Sisi tuliinunua kwa ajili ya virusi lakini faida kubwa nimeiona kwenye hili: mtu mzima akiomba filta nzima itoke, naenda kwenye kompyuta yake hiyohiyo, naingiza paswedi ya msimamizi, nabadili namba mbili za DNS, haifiki dakika 1. Akimaliza tunairistati, filta inarudi yenyewe bila mimi kukumbuka. Zamani tulikuwa na kompyuta moja ya kona isiyo na filta na ilikuwa balaa, kila anayekaa pale watu wanajua, ikapewa na jina ambalo sitalitaja. Sasa hamna kiti cha aibu, kila kiti ni sawa.

Kasoro zake nisizifiche. OpenDNS inakutambua kwa anwani ya IP, ile namba ya mtandao wako kwenye intaneti, na kama mtoa huduma wako wa intaneti anakubadilishia anwani kila mara lazima uweke kile kiprogramu chao cha kuisasisha kwenye kompyuta moja inayowaka muda wote, vinginevyo siku anwani ikibadilika filta inakuwa haipo na hujui. Ilitutokea, siku 3 nzima. Halafu brauza za sasa zina DNS yao ya siri inayopita ndani ya HTTPS, kijana mjanja anaiwasha kwenye mipangilio ya brauza na filta yako imeruka. Dawa ni kuifunga kwenye sera za brauza, yaani mipangilio ya msimamizi ambayo mtumiaji hawezi kuibadili, kabla hujagandisha kompyuta, na watumiaji wawe na akaunti za kawaida zisizo na mamlaka ya kubadili namba. Ukiruka hatua hizi mbili usiseme filta mbovu, ulikuwa hujamaliza kuiweka.

Pamoja na kasoro hizo nyota 4 na nusu.

Kompyuta za watoto, 4 tu zilizo karibu na hadithi, hizo ziko kwenye CleanBrowsing ile kali na sizifungui ovyo, pale ukali una maana. Za watu wazima tumezigeuza migongo ielekee njiani na skrini zielekee ukutani, na kila skrini imewekewa ile karatasi ya plastiki inayofanya aliyeko pembeni aone giza tu. Karatasi ile inamlinda anayesoma barua ya hospitali na inamlinda mtoto anayepita, kitu kimoja kinafanya kazi mbili. Yule dada wa printa, printa yake sasa iko karibu na meza yetu.

Rekodi za nani alifungua nini hatuweki. Vikaratasi tunavichana jioni.

Ambalo sijalipatia jibu mpaka naandika hapa ni vijana wa miaka 13 mpaka 17. Kwenye kompyuta za watoto wanakwama, wana kazi za shule za biolojia na historia, vita na magonjwa, na YouTube ya hali salama inawaficha nusu ya masomo. Kwenye za watu wazima filta ni nyepesi na mzazi anaweza kuja juu. Kwa sasa wanakaa za watu wazima, wakiomba tovuti naongeza hiyo moja tu kwenye orodha lakini filta nzima siwazimii, na wenyewe wameniambia si haki kwamba mkubwa haulizwi na wao wanatazamwa mara mbili. Wiki iliyopita binti mmoja aliweka kikaratasi mezani, kimekunjwa mara nne, tovuti ya ushauri kwa waliofanyiwa ukatili nyumbani. Nilimfungulia palepale bila kuinua macho.